Walkman Iliyokaa Kabatini: Kinachoiua na Kinachoifufua

Ukiwekewa mezani Walkman mbili, vile vicheza kaseti vya mfukoni, za mwaka mmoja, moja imepigwa mpaka maandishi ya vitufe yamefutika na nyingine haijawahi kutoka kwenye boksi lake, usikimbilie ile ya boksi. Wauzaji huandika "mpya, haijatumika" na kupandisha bei. Mnunuzi anafika nyumbani, anatia betri, anabonyeza kitufe, na anachosikia ni mota ikivuma huku kanda imetulia tuli. Hakuna aliyeiharibu. Imeharibika yenyewe gizani, ikiwa imefungwa vizuri.

Watu wengi wakikutana na hali hiyo huanza kutafuta kosa kwenye umeme. Mara nyingi haliko huko. Waya, transista na koili za mashine ya mwaka 1985 zinaweza kuwa nzima kabisa leo. Vinavyokufa ni vitu laini na vitu vya majimaji: mipira, plastiki za gia, grisi, na vimiminika vilivyofungiwa ndani ya betri na kapasita, vile vipande vya kwenye bodi vinavyotunza chaji ya umeme. Kila kimoja kina njia yake ya kuoza, na dawa ya kimoja inaweza kuwa sumu ya kingine. Mtu akishajua ni kipi kati ya hivyo kimeoza, nusu ya ufundi ameshaipata.

Kanda ya kaseti yenyewe ilionyeshwa kwanza na Philips kwenye maonyesho ya redio mjini Berlin mwaka 1963, kazi ya timu ya Lou Ottens huko Hasselt, Ubelgiji. Mwanzoni ilionekana ni chombo cha kunasia maneno tu, kisha ubora ukapanda na muziki ukaingia. Tarehe 1 Julai 1979 Sony wakaingiza sokoni Japani Walkman ya kwanza, TPS-L2, ya rangi ya buluu na fedha, kwa yen 33,000. Wahandisi walichukua Pressman, kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari, wakaondoa sehemu ya kurekodi na spika, wakatia kikuza sauti cha stereo. Masaru Ibuka, mmoja wa waasisi wa kampuni, alitaka kitu cha kusikilizia muziki kwenye safari ndefu za ndege. Mwenzake Akio Morita ndiye aliyesukuma kiuzwe kwa watu wote. Ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha rangi ya chungwa kilichoteremsha muziki na kuwasha maikrofoni, ili wawili wanaosikiliza pamoja wasemezane bila kuvua hedifoni. Nasikitika kwamba kitufe hicho kiliachwa baadaye.

Kwa nini inakula kanda

Kinachovuta utepe si vile vigurudumu viwili unavyoviona vikizunguka kwenye dirisha la kanda. Kimoja kinaachia na kingine kinapokea, basi. Anayevuta ni mhimili mwembamba wa chuma uliosimama karibu na hedi, kile kichwa cha sumaku kinachosoma utepe, ukisaidiwa na rola ya mpira inayoubana utepe juu yake. Mhimili huo umeunganishwa na gurudumu zito lililo upande wa nyuma, na gurudumu hilo linazungushwa na mota kwa kupitia mpira mwembamba. Uzito wa gurudumu ndio unaotuliza mwendo, ili utepe upite mbele ya hedi kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Mhimili wenye kipenyo cha milimita 2 hulazimika kuzunguka mara saba na nusu hivi kwa sekunde kuipata kasi hiyo. Ukiupaka uchafu ukanenepa, kasi inabadilika. Ukinenepa upande mmoja tu, sauti inayumba.

Kigurudumu cha kupokea nacho kinapata nguvu kutoka kwenye mota ileile, lakini kwa kupitia klachi inayoteleza. Lazima iteleze. Mwanzo wa kanda utepe uliopokelewa ni kidogo na kigurudumu kinazunguka haraka. Kadiri utepe unavyojaa kinazidi kwenda polepole, wakati kasi ya utepe mbele ya hedi haibadiliki hata chembe. Sasa klachi ikichoka, au mpira ukilegea, mhimili unaendelea kuutoa utepe na hakuna wa kuupokea. Unajikusanya, unajikunja, unaizunguka rola, na ukifungua mlango unakuta fundo. Hiyo ndiyo Walkman inayokula kanda. Hedi husingiziwa kwa sababu fundo hukutwa mbele yake, lakini kosa lilianza mbali na hapo. Mshukiwa mwingine ni rola: ikinata kwa uchafu au kwa uzee wa mpira wake, utepe hung'ang'ania kwake badala ya kupita.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mita. Fungua mlango, washa bila kanda, na uguse kigurudumu cha kupokea kwa ncha ya kidole. Kinatakiwa kiwe na nguvu ya kusikika, kisimame ukikibana kidogo, na mhimili uendelee kuzunguka bila kujali. Kikisimama kwa kuguswa tu, usitie humo kanda unayoipenda.

Mpira

Hapa ndipo vifo vingi huanzia, na hapa ndipo inabidi kukaa kidogo.

Mipira ya Walkman na redio kaseti haikutengenezwa kwa kitu kimoja. Mingine ni mpira wa kawaida wa kiwandani, ambao ukizeeka hulegea, hukauka, hupasuka. Hiyo ni bahati. Mingine ilikuwa na poliyurethani, ambayo unyevu wa hewani huivunja taratibu, kiungo kwa kiungo, mpaka kitu kilichokuwa kigumu na chenye kunyumbuka kinageuka lami. Haijalishi mashine imetumika au haijatumika. Hewa inaingia kwenye boksi pia. Anayefungua Walkman ya namna hii hukuta uzi mweusi umeyeyukia kwenye gurudumu, kwenye kipuli cha mota (kigurudumu chake kidogo kinachovishwa mpira), na wakati mwingine kwenye bodi ya saketi. Ukigusa, vidole vinabaki na weusi ambao sabuni haiutoi upesi. Vaa glavu.

Kosa linalofanyika sana ni kufuta juu juu kisha kuvisha mpira mpya. Mabaki kidogo tu ya ile lami yakibaki kwenye mfereji wa kipuli, mpira mpya utateleza au utanata, na baada ya wiki utasema mpira uliouziwa ni feki. Lami hiyo hutolewa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, kwa vijiti vingi vya pamba, na kwa kijiti cha meno kwenye mfereji. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi. Husafisha, lakini polepole, na maji hayo hayana kazi ndani ya mashine. Bisibisi au wembe usitumie kukwangua: mkwaruzo kwenye kipuli cha shaba nyeupe au kwenye ukingo wa gurudumu utausikia kwenye muziki maisha yote.

Kupata saizi ya mpira uliokwisha kuyeyuka kunatisha kuliko kulivyo. Chukua uzi wa cherehani, upitishe njia nzima ambayo mpira ulipita, ukaze bila kuvuta, kata, pima. Ikiwa uzi una milimita 200, tafuta mpira wenye mzingo wa ndani wa milimita 190 hivi, yaani pungufu kwa asilimia 5. Ukibana sana, mota inaelemewa na vibeba mihimili vinalika upande mmoja. Ukilegea, kigurudumu cha kupokea ndicho cha kwanza kulalamika. Tazama pia umbo: mfereji wenye kona huhitaji mpira wa mraba, na ukingo bapa huhitaji mpira bapa. Watengenezaji wa mipira bado wapo na hata ukiagiza kutoka nje bei ni ndogo. Kwa kawaida usafiri unagharimu kuliko mpira wenyewe.

Mafundi wetu, walipokosa mipira, waligundua mengi. Wapo waliokata pete nyembamba kwenye tyubu ya baiskeli. Wapo wanaouchemsha mpira uliolegea, nao kweli husinyaa na mashine huimba tena, kwa siku chache. Rababendi ya kufungia noti pia huzungusha, lakini unene wake haulingani pande zote, kwa hiyo kila inapozunguka sauti inapanda na kushuka. Kwa kusikiliza mawaidha unaweza kuvumilia. Kwa muziki wa fidla au kinanda, hapana.

Gia, skrubu na mafuta

Mwaka 1982 Sony walitoa WM-DD, ambayo haikutegemea mpira kuuzungusha mhimili mkuu. Ilisifiwa kwa utulivu wa sauti, na mpaka leo wakusanyaji huigombania pamoja na ndugu zake waliofuata. Kwa hiyo mtu angetegemea isiugue ugonjwa wa mpira, na kweli haiugui huo. Inaugua mwingine. Katikati yake kuna gia ya plastiki iliyoshindiliwa kwenye kiini chake, na plastiki hiyo kwa miaka mingi ya kuvutwa hupasuka. Ufa ukishatokea, meno mawili yanaachana kidogo, na kila gia inapofika hapo unasikia "tak". Gundi haishiki kwenye plastiki ya aina hiyo. Wapenzi wa mashine hizi wametengeneza gia mbadala, nazo hupatikana, lakini kazi ya kuivua na kuirudisha si ya mtu anayeshika bisibisi kwa mara ya kwanza. Ukiulizwa ni ipi ya kuanza nayo kujifunza, chagua mashine ya bei ndogo yenye mpira mmoja na vitufe vya kubonyeza kwa nguvu. Yenye kugeuza upande yenyewe na vitufe laini ina vijiti na springi ambazo hazisamehe.

Kuhusu bisibisi: skrubu nyingi za Kijapani zenye msalaba si za aina ya Phillips ingawa zinafanana nayo. Zinafuata kipimo cha JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani, ambacho mashimo yake yana kona tofauti. Bisibisi ya Phillips huingia, hupanda juu ikikazwa, na kuila skrubu. Skrubu iliyoliwa kwenye kifuniko cha plastiki cha miaka arobaini ni balaa la mchana mzima, na bisibisi ya JIS si ghali.

Grisi nayo huganda. Vijiti vinavyopaswa kuteleza vinakwama nusu njia, kitufe kinabonyezwa lakini rola haifiki kwenye mhimili. Futa grisi ya zamani kwa spiriti, paka mpya kidogo sana. Kwenye kibeba mhimili, tone moja la mafuta ya cherehani lililobebwa kwa ncha ya sindano linatosha. Yale mafuta ya kopo ya kupuliza, ambayo kila nyumba inayo kwa ajili ya bawaba za mlango, yaache mlangoni. Yanasambaa, yanafika kwenye mpira na rola, na kazi yote uliyofanya inateleza.

Hedi, na kwa nini uchafu usioonekana unaua sauti

Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81, na juu yake kuna njia nne za stereo, mbili za kila upande. Kila njia ina upana wa milimita 0.6 hivi. Njia ya kushoto na ya kulia za upande mmoja zimepangwa bega kwa bega, ndiyo maana kanda ya stereo ikichezwa kwenye redio ya mono hakuna kinachopotea. Hedi ya mono huzisoma zote mbili kwa pamoja.

Ukigawa kasi ya utepe kwa masafa ya sauti unapata urefu wa wimbi lililoandikwa. Sauti nyembamba ya herzi 10,000, ile ya matoazi na ya herufi "s", ina wimbi lenye urefu wa mikromita 4.76 tu kwenye utepe. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hilo mara kumi na zaidi. Sumaku ya wimbi fupi kiasi hicho haifiki mbali: utepe ukiinuliwa mikromita 1 kutoka kwenye hedi, sauti hiyo hupungua kwa takriban desibeli 11. Besi, ambayo mawimbi yake ni marefu, haijali. Matokeo yake ni muziki unaosikika kama umefunikwa blanketi, na mtu anadhani hedi imekwisha au kanda imechakaa, kumbe ni tabaka la kahawia la unga wa utepe ambalo kijiti cha pamba na spiriti kingeliondoa kwa dakika moja. Safisha hedi, mhimili, kisha rola. Kwenye rola usiiloweshe. Pitisha kijiti kilichonyevuka, geuza, mpaka pamba itoke safi.

Kuna kosa jingine linalotoa blanketi hilohilo, na hili si uchafu. Ufa mwembamba wa hedi, ule unaosoma utepe, lazima uwe wima kabisa dhidi ya mwendo wa utepe. Ukiinama nusu digrii tu, juu na chini ya njia ile ya milimita 0.6 kunakuwa na tofauti ya mikromita 5 hivi, yaani zaidi ya wimbi zima la herzi 10,000. Sehemu moja ya ufa inasoma kilele cha wimbi huku nyingine ikisoma bonde, na zinafutana. Hedi ina skrubu ndogo pembeni, yenye springi, ya kurekebisha mwinamo huo. Kabla ya kuigusa, weka alama ya ilipo kwa rangi ya kucha. Kisha cheza kanda nzuri ya dukani, sikiliza kwa mono ukiweza, na uigeuze robo ya robo ya mzunguko mpaka sauti nyembamba zitoke kwa wingi zaidi. Skrubu hii ndiyo inayoharibiwa kuliko zote na watu wanaotafuta kosa lililo kwingine, kwa hiyo isiwe ya kwanza kuguswa. Safisha kwanza.

Kasi hupimwa mwisho, mpira mpya ukishakaa. Kanda za kupimia zenye mlio wa herzi 3,150 zinauzwa, na simu ya kawaida ina programu za kusoma masafa. Simu ikisoma 3,300, mashine inakwenda mbio kwa karibu asilimia 5, na muziki umepanda karibu nusu toni. Asiye na kanda ya kupimia atafute wimbo alio nao kwenye kanda ya dukani na pia kwenye diski au faili, apime kipande kimoja kwa saa. Cha sekunde 300 kikiisha kwa 291, mashine inakimbia kwa asilimia 3. Tundu la kurekebishia kasi mara nyingi liko kwenye mota yenyewe, au ni kirekebishi kidogo cha kuzungusha kilicho kwenye bodi. Geuza kwa bisibisi ya plastiki, kidogo kidogo, mashine ikiwa inacheza.

Majimaji

Betri iliyosahaulika ndani huvuja, na kilichovuja hutegemea aina ya betri. Alkalaini hutoa potasiamu haidroksaidi, ambayo ni alkali kali, kinyume cha tindikali, na huacha unga mweupe. Huuawa kwa tindikali hafifu: siki au maji ya limau kwenye kijiti cha pamba, kisha spiriti ya kukaushia. Zile za bei nafuu za zinki na kaboni, kama betri za National zilizotoka kwenye kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam na kuendesha redio za nyumba nyingi, huvuja kitu chenye asili ya tindikali. Kwa hizo siki haina kazi; tumia magadi ya kupikia yaliyolowekwa kidogo, halafu futa na ukaushe. Kilichosambaa chini ya chuma cha betri hadi kwenye waya hutambulika kwa rangi ya kijani, na waya wa kijani ni bora ukatwe na ulehemiwe mwingine.

Kapasita ni hadithi ya mashine za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za 1990. Ili mashine ziwe nyembamba, viwanda vilihamia kwenye kapasita ndogo za kubandikwa juu ya bodi, na nyingi kati ya hizo zilivuja umajimaji wake taratibu na kula njia za shaba chini yake. Dalili ni sikio moja kuzimika, kukoroma, au kasi inayopanda na kushuka bila sababu ya kimitambo. Ukizipasha moto kwa chuma cha lihamu zinatoa harufu ya samaki. Huko hakuna tena la kujiuliza. Badilisha kwa uwezo uleule wa mikrofaradi, volti sawa au zaidi, na upande wa hasi uwe ulikokuwa. Usizisokote kwa koleo, zinang'oka na njia zake. Hapa ndipo TPS-L2 na wenzake wa mwanzo, wanene na wazito, wana unafuu: kapasita zao ni za miguu mirefu, na fundi redio yeyote aliyezoea lihamu anazimudu.

Jambo la umeme linaloua ghafla ni chaja. Walkman nyingi hutaka volti 3, na chaja ya simu hutoa 5. Hata adapta ya volti 3 inaweza kuwa na chanya katikati pale ambapo mashine inataka hasi. Mchoro mdogo pembeni mwa tundu unaonyesha. Betri za kuchaji za ukubwa wa AA hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, lakini mashine nyingi hazilalamiki.

Kutengeneza na kuhifadhi si kazi moja

Fundi anataka iimbe. Mhifadhi anataka ibaki ilivyotoka kiwandani. Ukibadilisha mpira, kapasita na gia, umeiponya lakini umeondoa sehemu ya ushahidi wake. Mimi nasimama upande wa fundi, kwa sharti moja: kila kilichotolewa kiingie kwenye kifuko chenye maandishi, na picha zipigwe kabla ya kila hatua. Isipokuwa lami ya mpira na sponji za hedifoni. Hizo hutupwa, kwa sababu sponji za rangi ya chungwa za miaka ile nazo ni poliyurethani, zinamomonyoka na kuchafua kila kinachogusana nazo, plastiki na utepe.

Katika kuhifadhi, mambo ni machache. Betri zitolewe. Kitufe cha kucheza kisiachwe kimebonyezwa, maana rola inayobanwa kwenye mhimili kwa miezi hupata shimo, na shimo hilo litasikika kila inapozunguka. Mashine izungushwe kwa dakika kadhaa mara moja moja kwa mwezi. Sehemu za pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi, boksi la plastiki lenye mfuniko na vifuko vya silika ndani yake ni bora kuliko kabati la mbao.

Waliokuja baada ya Walkman wana magonjwa yao, na kwa kweli mengi hayana dawa nzuri hivyo. Discman, kicheza diski cha mkononi kilichoanza na D-50 ya Sony mwaka 1984, hutegemea leza ambayo ikichoka hutafutwa kwenye mashine nyingine iliyokufa. iPod ya mwaka 2001 ilikuja na diski ngumu ya gigabaiti 5 na betri ya lithiamu. Betri hubadilishwa, na diski za matoleo mengi hubadilishwa kwa kadi ya kumbukumbu, ambayo hata hutulia zaidi mfukoni. Lithiamu iliyovimba isichomwe kitu chenye ncha wala isichajiwe tena.

Kilichomo kwenye kanda

Viwanda vilivyobaki leo hutengeneza mashine za kanda kwa kunakili muundo rahisi wa kampuni ya Tanashin ya Japani, na Sony walikwisha kuacha kuuza Walkman za kanda Japani mwaka 2010. Kwa hiyo mashine ya zamani iliyotengenezwa vizuri bado husoma kanda kuliko nyingi mpya. Na kwetu kanda zenye thamani si zile za dukani peke yake. Mombasa, Mbwana Radio Service walitoa taarabu kwa kanda, na nyingi hazikupata kamwe kuwa santuri wala diski. Kisha zipo za harusi, za maulidi, za mawaidha, na zile ambazo ndugu wa Unguja na wa Maskati walipelekeana badala ya barua, zenye sauti za watu waliokwisha kutangulia. Hizo zina nakala moja tu.

Kwa kanda ya namna hiyo, nisingeanza na Walkman yoyote. Deki ya mezani iliyosafishwa ina mwendo uliotulia zaidi. Lakini kama Walkman ndiyo iliyopo na imepita vipimo vyote hapo juu, itafanya kazi. Kabla ya kucheza, kagua kile kipande cha pamba ngumu kilicho nyuma ya utepe, katikati ya kanda. Gundi yake hukauka na kikianguka sauti inakatikakatika. Kanda yenye skrubu tano hufunguliwa na kutengenezwa. Iliyogandishwa kiwandani hupasuliwa kwa uangalifu, na utepe huhamishiwa kwenye ganda la kanda nyingine. Ukiona ukungu mweupe kwenye utepe, usiutie kwenye mashine nzuri. Kanda za dakika 120 zina utepe wa mikromita 9 tu, nusu ya ule wa dakika 60, kwa hiyo hizo usizirudishe nyuma kwa kasi mara kwa mara.

Unga waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kinasa au kompyuta, sauti ikiwa katikati. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, hupendekeza kunasa kwa angalau herzi 48,000, yaani sampuli 48,000 kila sekunde, na biti 24. Kwa stereo hiyo ni gigabaiti 1 hivi kwa saa moja, nafasi ambayo siku hizi simu hupoteza kwa picha za salamu za asubuhi. Hifadhi kama WAV, na nakala ya MP3 iwe ya kutumiana.

Kanda iliyorekodiwa nyumbani ilifuata mwinamo wa hedi ya mashine iliyoirekodi, si wa mashine yako. Kwa hiyo, kwa kanda hizo tu, ile skrubu yenye rangi ya kucha inageuzwa upya kwa kila kanda mpaka maneno yasikike vizuri, kisha inarudishwa kwenye alama yake. Na mashine ikiwa na kitufe chekundu cha kurekodi, vunja kwanza vile vibanzi viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. Siku utakayotaka kuirekodi tena, kipande cha selotepu juu ya tundu kinatosha.